Asilimia 30 Si Sadaka

Mtu atokaye Iringa mjini kwenda Mafinga, safari ya kilomita zipatazo 80, huanza kuiona mali ya mkoa huu kabla hajafika. Malori ya mbao humpita moja baada ya jingine. Mengi yamebeba paina ya Sao Hill, wilayani Mufindi, shamba la miti ya kupandwa lililo kubwa kuliko yote katika Tanzania. Mbao hizo huenda Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, wala hakuna ubaya katika hilo. Mbao ni bidhaa, na bidhaa huenda penye soko.

Bali lingekuwa jambo la kusikitisha kama mbao za Mufindi zingekwenda mbali, zikageuzwa madawati huko, kisha madawati hayo yakarudi kuuzwa kwa shule ya Kilolo, hali fundi seremala wa Mlandege ameketi mbele ya karakana yake akingoja mtu wa kuja kuagiza kitanda. Ndiyo sababu leo twataka kusema na wenye biashara ndogo wa Iringa juu ya zabuni za Serikali. Twataka pia kusema na wale waliokabidhiwa kazi ya kununua kwa niaba ya umma, maana jambo hili lina pande mbili, na upande mmoja hauwezi kulibeba peke yake.

Kwanza yafaa ieleweke ya kuwa katika mkoa wetu hakuna mteja mkubwa kuliko Serikali. Mkoa wa Iringa una halmashauri 5: Manispaa ya Iringa, Mji wa Mafinga, na wilaya za Iringa, Kilolo na Mufindi. Juu ya hizo zipo shule, vyuo, hospitali, magereza, mamlaka ya maji na idara nyingine nyingi. Zote hununua. Hununua madawati na milango, chakula cha wanafunzi na cha wagonjwa, mashuka, sare, karatasi, matofali, mchanga, matengenezo ya magari, usafi wa majengo. Mwishoni mwa mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 nchini kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya kukabili UVIKO-19, kila darasa lilihitaji mlango, madirisha, meza na viti. Kazi ya namna hiyo haitaki kampuni yenye ghorofa mjini. Yataka fundi ajuaye kazi yake na awezaye kuileta kwa wakati.

Sheria nayo haikumsahau mtu huyo. Mwaka 2016 Sheria ya Ununuzi wa Umma ilirekebishwa, na taasisi za umma zikaagizwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa ajili ya makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria mpya, Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, haikuifuta haki hiyo. Kadhalika, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024.

Wapo watu wanaoitazama asilimia 30 kama sadaka. Tumewasikia wakisema kwamba Serikali imewahurumia wanyonge na kuwatupia makombo ya mezani. La hasha! Fedha hizo ni za nani? Ni ushuru wa mama auzaye nyanya Ilula. Ni kodi ya mwenye duka Kihesa. Ni tozo ya gogo lililokatwa Mufindi. Mwananchi aliyechangia chungu hapewi sadaka anapopakuliwa chakula. Tena siyo Tanzania peke yake iliyofikiri hivyo. Kenya ilitangaza asilimia 30 ya namna hiyo mwaka 2013 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Marekani, nchi ya matajiri wakubwa, iliunda mwaka 1953 idara maalumu ya kusaidia biashara ndogo, na leo Serikali ya nchi hiyo imejiwekea lengo kwamba asilimia 23 ya thamani ya mikataba yake ya moja kwa moja ziende kwa biashara hizo. Wao pia waliona ya kuwa pesa ya umma ikizunguka katika mikono michache, nchi haipati nguvu.

Walakini, kama asilimia 30 si sadaka, basi pia haiji yenyewe mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hapa hatuna budi kusema kweli na ndugu zetu wa karakana na maduka madogo, hata kama kweli hiyo itawachoma kidogo.

Jambo la kwanza ni karatasi. Mafundi wengi wa Iringa wana mikono ya dhahabu na mifuko mitupu ya hati. Anajua kuunganisha mbao hata usione kiungo, bali ukimwuliza namba ya mlipakodi, atakuambia yuko mbioni kuitafuta. Siku hizi zabuni za umma hupita katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mfumo huo hauulizi kama wewe ni mtoto wa fulani. Huuliza namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, kitambulisho cha Taifa, na kwa kampuni au jina la biashara, usajili wa BRELA. Tena husomana na mifumo ya ofisi hizo, hata mtu akiandika uongo hugundulika. Kwa mwenye kazi ya ujenzi hutakiwa pia usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambao una madaraja, na mdogo huanzia daraja la chini.

Iko pia hila ndogo ambayo wengi hawaijui. Anayejisajili katika NeST hutakiwa kuchagua aina ya biashara anayoifanya, nayo ilingane na leseni yake. Fundi aliyejisajili kuwa muuza vifaa vya nyumbani, akatazamia kuitwa kutengeneza samani, atangoja mpaka kuku waote meno. Kwa hiyo mtu asimwachie kijana wa duka la intaneti amjazie fomu kwa haraka na kumwandikia lolote. Akae naye, asome kila mstari, na neno la siri la kuingilia alihifadhi mwenyewe. Tena ajifunze kusoma mpango wa ununuzi wa mwaka, ambao taasisi huutangaza. Mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Anayezinduka mwezi wa Mei akitafuta zabuni ni kama mkulima anayenunua mbegu mvua inapokatika.

Jambo la pili ni hesabu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi twaongeza kwamba zabuni bila daftari huanza na msiba. Tuchukue mfano wa fundi mmoja, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa ni mfano tu wa wengi. Ameomba kutengeneza madawati 100 kwa shilingi 70,000 kila moja. Mbao, misumari, rangi na mishahara ya vijana wake vinamgharimu shilingi 58,000 kwa dawati. Basi anapiga hesabu kwa vidole: faida ya shilingi 12,000 mara 100 ni shilingi 1,200,000. Anafurahi, na nyumbani ameshaahidi bati za kuezekea.

Hesabu yenyewe ni nyingine. Madawati yanatakiwa shuleni, si karakanani, na shule zenyewe ziko milimani Kilolo. Gari lataka shilingi 350,000. Ili kununua mbao amekopa shilingi 4,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kila mwezi. Akilipwa baada ya miezi 5, riba imekwisha kula shilingi 600,000. Na siku ya malipo Serikali huzuia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa, yaani shilingi 140,000 katika shilingi 7,000,000. Makato hayo si hasara, maana ni kodi iliyotangulizwa, nayo huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka mradi ameidai na kuitunza hati ya zuio. Lakini siku ile hayamo mfukoni. Ondoa yote hayo, na fundi wetu anabaki na shilingi 110,000. Ni shilingi 1,100 kwa kila dawati, kwa kazi ya miezi na usiku wa kukosa usingizi. Bati hazipatikani.

Je, kosa ni la nani? Sehemu ni lake mwenyewe. Alishusha bei ili ashinde, na hakuuliza nani atalipa gari. Bei ya zabuni haitungwi kwa woga wa jirani. Hutungwa kwa kalamu, kuanzia mbao hadi mlango wa darasa, na kuweka akiba ya ucheleweshaji. Anayeomba zabuni kwa bei ambayo haiwezi kulisha kazi hamdhulumu mwingine bali nafsi yake. Na mwisho wake hutengeneza madawati ya mbao mbichi ambayo yatapinda kabla ya mtihani wa kwanza, na jina lake litapinda pamoja nayo.

Sehemu nyingine ya kosa hilo si lake, nayo tutaifikia.

Jambo la tatu ni umoja. Halmashauri ikihitaji madawati 2,000 kwa miezi 2, hakuna karakana moja ya Ipogolo iwezayo. Lakini karakana 10 zinaweza. Katika nchi hii mkulima mdogo wa kahawa aliujua ukweli huo zamani. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, kwa sababu kila mmoja akienda sokoni peke yake alipangiwa bei na mnunuzi. Fundi wa leo yuko pale pale. Akiungana na wenzake katika kikundi, wakajiandikisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, wakafungua akaunti yao benki na kuandika katiba isomekayo, huweza kuingia katika fungu la makundi maalumu na kuomba ile mikopo isiyo na riba badala ya kukopa mtaani. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi Iringa, nako huko hupatikana mafunzo na ushauri. Makandarasi wadogo nao wana mfuko wao ndani ya Bodi, ambao husaidia kuwawekea dhamana za zabuni.

Lakini kikundi kiwe kikundi kweli. Tunajua vikundi vya watu 10 ambavyo kazi hufanywa na 2, na faida hudaiwa na wote. Tunajua na vingine ambavyo mwenyekiti ndiye katibu, na mkewe ndiye mweka hazina. Kikundi cha namna hiyo hakivunjwi na Serikali. Huvunjwa na malipo ya kwanza.

Hapo tunafika kwenye donda lenyewe. Upo mchezo unaochezwa gizani, nao ni wa kuazima jina. Mwenye mtaji mkubwa, ambaye hakustahili fungu la asilimia 30, humwendea kijana au kikundi cha akina mama na kusema: nipeni jina lenu na muhuri wenu, mimi nitafanya kazi, ninyi mtapata kitu kidogo. Zabuni hushindwa kwa jina la wanyonge, fedha huingia na kutoka siku hiyo hiyo, na akina mama huachiwa pesa ya vitenge. Katika vitabu vya ofisi itaandikwa kwamba makundi maalumu yamenufaika. Katika nyumba zao hakuna kilichobadilika. Na kazi ikiharibika, atakayefungiwa kushiriki zabuni za umma ni yule mwenye jina, si mwenye mtaji.

Twawaambia ndugu zetu bila kuficha: jina la kikundi ni shamba. Mwenye shamba akilikodisha kila msimu kwa bei ya debe moja, watoto wake watakua vibarua katika ardhi yao wenyewe. Na maofisa wanaojua mchezo huo wakafumba macho, nao ni washiriki. Kwenda karakanani kuona kama kikundi kilichoshinda kina randa na msumeno si kazi kubwa. Ni safari ya nusu saa.

Sasa tuseme na wanunuzi wa umma. Mwananchi akishatimiza karatasi, hesabu na umoja, anastahili nini kutoka kwenu?

Anastahili zabuni ya kimo chake. Kukata zabuni vipande ili kukwepa ushindani ni kosa, na liendelee kuwa kosa. Bali kuipanga zabuni moja katika mafungu yanayotangazwa wazi, ili karakana ndogo nayo iombe fungu inaloliweza, ni jambo la halali na la busara. Ofisi inayounganisha madawati, mashuka na karatasi katika zabuni moja imekwisha mchagua mfanyabiashara mkubwa kabla ya kufungua bei.

Anastahili kuambiwa kwa nini ameshindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini aliyeshindwa bila kuelezwa sababu hujifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba hakuna haja ya kujaribu tena. Sheria imempa haki ya kulalamika kwa afisa masuuli wa taasisi iliyotangaza zabuni, na asiporidhika akate rufaa katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Muda wa kufanya hivyo ni wa siku chache za kazi, kwa hiyo mzabuni asikae akilalamika kijiweni wiki nzima ndipo akumbuke ofisi.

Na zaidi ya yote, anastahili kulipwa. Hapa ndipo sehemu ya pili ya hesabu ya fundi wetu. Laiti angalilipwa katika mwezi wa kwanza, riba ingalikuwa shilingi 120,000 badala ya 600,000. Kwa kuchelewa miezi 4 ofisi haikupata faida hata ya senti, bali fundi alipoteza shilingi 480,000. Kampuni kubwa hungoja, kwa kuwa ina kazi nyingine 20. Fundi mdogo akicheleweshewa malipo ya kazi moja, huuza mashine ya randa. Mwakani zabuni ikitangazwa, hayupo. Ndipo ofisi husema: tumetangaza, lakini wadogo hawajitokezi!

India ililiona tatizo hilo. Sheria yao ya mwaka 2006 humtaka mnunuzi amlipe mwenye biashara ndogo katika muda usiozidi siku 45, na akichelewa hudaiwa riba iliyo mara 3 ya kiwango cha benki kuu yao. Dawa ya deni ni kulipa, na wao waliongeza uchungu katika dawa hiyo. Sisi twasema ya kuwa kutenga asilimia 30 bila kulipa kwa wakati ni sawa na kumkaribisha mgeni mezani na kumficha kijiko. Kila halmashauri ya Iringa inapotangaza kwamba imetoa zabuni kadhaa kwa makundi maalumu, itangaze pia imewalipa baada ya siku ngapi. Takwimu hiyo moja ingetuambia zaidi kuliko hotuba kumi.

Kwa upande wake, fundi asimpe ofisa kisingizio. Asipeleke mali kwa neno la simu. Angoje LPO iliyosainiwa. Akifikisha madawati, yahesabiwe mbele yake, na hati ya mapokezi itiwe saini siku ile ile, si kesho. Apeleke ankara na risiti ya mashine ya kodi mara moja, na nakala abaki nayo. Malipo mengi hukwama kwa sababu ya saini moja iliyokosekana, na aliyekosa saini hukosa pia pa kusimama anapodai.

Ndugu zetu wa Iringa hawakuzoea kuomba omba. Ni watu wa kazi, na baridi ya milima hii haimlei mvivu. Hatuwaambii waende Serikalini kuomba fadhila. Twawaambia waende na daftari, na bei iliyopigwa kwa akili, na wenzao nyuma yao, wakaidai kazi wanayoiweza. Na Serikali nayo ifanye lile ambalo kila mwenye duka wa Kihesa humtazamia mteja mwaminifu: akichukua mali, alipe.

Miti imekua Mufindi. Watoto wanakaa sakafuni katika shule zenye upungufu. Fundi yupo, na randa anayo. Kilichobaki kati ya mti na mtoto ni karatasi chache na uaminifu wa pande mbili. Tusikubali jambo dogo namna hiyo litushinde.